Bahi, Manyoni au Gulwe? Kwa anayetaka kuhamia mji wa reli karibu na Dodoma

Hili swali naulizwa sana siku hizi, na wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna mtumishi aliyehamishiwa Dodoma kachoshwa na kodi za mjini, alafu kuna mtu wa Dar aliyepanda mwendokasi (treni ya SGR, ile reli mpya, sio basi) mara moja, akachungulia dirishani akaona pori, akajisemea nikichukua heka tano hapa baada ya miaka kumi mi ni tajiri. Wote wanataka niwatajie jina moja la mji tuagane. Jina moja sina, nina miji mitatu na maneno mengi, nivumilieni.

Nikiri mapema kabisa, mi nimekulia kota za reli Manyoni, mzee wangu alikuwa fundi wa njia, kwaiyo ukiona naisifia Manyoni we punguza kidogo. Bahi niliishi mwaka na nusu hivi nikihangaika na biashara ya mpunga. Gulwe nina shemeji, naendaga mara mbili tatu kwa mwaka na huwa silali chini ya siku nne maana shemeji hakubali.

Kwanini hii mitatu? Yote ni ya reli ya kati, ile ya Mjerumani iliyoanzia Dar 1905 ikafika Dodoma kama 1910 na Kigoma 1914. Yote ilisinzia treni zilipopungua malori yakachukua mzigo. Na yote sasa hivi inaamshwa na vitu viwili, serikali kuhamia Dodoma kuanzia 2016 na SGR kuanza kubeba abiria mpaka Dodoma 2024. Sensa ya 2012 ilikuta jiji lina watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179, na hao watu wote hawawezi kutosha Area C na Ilazo, lazima wamwagikie pembeni. Ihumwa na Kikombo sijaziweka kwasababu zishamezwa na jiji, ukinunua kule umenunua Dodoma, bei ya Dodoma. Kongwa na Itigi nitazigusa kidogo tu.

Vigezo vyangu ndo hivi: riziki (utakula nini mwezi wa kwanza, sio mwaka wa kumi), usafiri uliopo leo, maji yote mawili yaani ya kunywa na yale yanayokuja kukufuata ndani, kiwanja na makaratasi yake, shule na hospitali, alafu maisha yenyewe ya kila siku. Thamani ya ardhi kupanda sijaiweka kwenye vigezo na nimefanya makusudi, ngoja nieleze.

Mji wa reli huwa unahama

Panda kutoka bondeni kwenda Manyoni alafu uchepuke uende Kilimatinde, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ni kasehemu katulivu, kuna hospitali ya Anglikana, kuna upepo, kuna mandhari ya kukaa kimya ukatazama bonde lote chini. Sasa enzi za Mjerumani hapo ndo palikuwa na boma, hapo ndo palikuwa mjini, Manyoni ilikuwa si kitu. Reli ikapita Manyoni. Basi, mambo yakageuka, boma likafuata reli.

Ukitaka mfano mwingine nenda Kongwa. Waingereza walikuja pale 1947 na mradi wao wa karanga, matrekta, wazungu kibao, wakajenga tawi la reli kutoka Msagali. Udongo ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, mvua ikagoma, na mapema 1951 mradi ukatangazwa umekwisha. Baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Kongwa haijafa, ina wilaya na ranchi, ila aliyekuwa amefungua duka akitegemea ile treni ya karanga nadhani unaweza kuhisi alivyolala usiku ule.

Kwaiyo mtu akiniambia "mji huu unakua" namuuliza unakua upande upi? Maana stesheni za SGR hazijakaa palepale penye stesheni za zamani. Mji wa zamani umejipanga kuzunguka jengo la Mjerumani na miembe yake na maduka ya Waarabu, stesheni mpya iko kando kidogo, na katikati hapo ndo madalali wanapovunia hela.

Riziki

Bahi ni mpunga. Ukiingia mwezi wa sita wa saba ukakaa karibu na mashine za kukoboa utaelewa nachosema, vumbi la pumba linakaa kwenye nyusi, magunia yamepangwa mpaka barabarani, kila mtu ana kadaftari na kalamu ya bluu sikioni. Ukiwa na mtaji kidogo unanunua mpunga wakati wa mavuno, unauficha, unauza mwezi wa kwanza wa pili bei ikipanda. Nilifanya hivyo, msimu wa kwanza nikapata, msimu wa pili panya wakapata. Kuna samaki pia wa kwenye ziwa la Bahi miaka ambayo maji yapo, na chumvi ya kienyeji. Ajira za ofisini zipo za halmashauri, wilaya yenyewe ilianza 2007 tu, kwaiyo sio nyingi.

Manyoni ina mchanganyiko, na hapo ndo inapowazidi wenzake kwangu mimi. Iko kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida na kanda ya ziwa, malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na hapohapo inachepuka ile lami ya Itigi kwenda Tabora. Mtu wa malori anakula, analala, anaziba pancha, anatafuta vocha, hiyo yote ni kazi ya mtu. Ongeza asali ya mapori ya Itigi, alizeti, kuku, na korosho ambazo zamani tulijua ni za Mtwara huko, sasa hivi kuna mashamba makubwa ya pamoja pale Masigati. Ila biashara ya barabarani ina ushindani mkali, ukifungua mgahawa wa nne mfululizo unauza chipsi zilezile usimlaumu mtu.

Gulwe ni ndogo, tusidanganyane. Ni kilimo (karanga, alizeti, ufuta, mtama) na mifugo, alafu mzunguko wa hela wenyewe uko Mpwapwa mjini, mwendo mfupi wa bodaboda. Anayeishi vizuri Gulwe ni mwenye shamba, mwenye mifugo, au mwenye mshahara unaotoka kwingine. Shemeji ni mwalimu na ana mbuzi, anaishi vizuri kuliko mimi.

Usafiri wa leo

Hapa ndo watu wanachanganyikiwa. SGR ya abiria mnayoisifia, ile ya saa tatu na kitu au nne toka Dar, inaishia Dodoma mjini. Reli yenyewe imejengwa mpaka Makutupora, na Bahi kuna stesheni imesimama nzuri tu, lakini stesheni kuwepo na treni kukubeba ni mambo mawili. Kutoka Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368, mkataba ulisainiwa Desemba 2021. Manyoni iko kwenye hicho kipande. Kwaiyo mtu wa Manyoni anayejenga fremu leo kwa ajili ya abiria wa mwendokasi anajenga kwa imani.

Alafu angalizo, kuna Makutupora mbili! Moja ni ya Dodoma kaskazini ya jiji, kwenye visima vya maji ya mji na kambi ya JKT na utafiti wa zabibu. Nyingine ni ya wilaya ya Manyoni, bondeni karibu na Kintinku, hiyo ndo ya SGR. Ukisikia tangazo "kiwanja Makutupora dakika tano toka SGR" uliza ni Makutupora ipi kabla hujatoa hata shilingi ya kwenda kuona.

Gulwe ndo inacheka hapa. Iko upande wa Morogoro na Dar, kwenye reli ambayo treni tayari zinapita, na stesheni yake ni kati ya zile za treni ya kawaida (ile ya haraka haina muda na Gulwe). Kwa barabara ndo kazi, hasa masika.

Bahi kwa basi au Noah mpaka Dodoma ni chini ya kilomita 60, lami tupu, unaweza kuishi Bahi ukafanya kazi mjini na watu wanafanya. Nlishafanya hivyo miezi minne. Inawezekana ila saa kumi na moja alfajiri unakuwa barabarani na jioni ukikosa gari ya mwisho unalala kwa watu. Manyoni ni mara mbili ya hapo, kilomita 120 na ushee, huwezi kwenda na kurudi kila siku labda kama hupendi familia yako. Treni ya reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, nayo ipo, siku chache kwa wiki, taratibu, na bado inafaa kwa mwenye mizigo na asiye na haraka.

Jambo moja ambalo hakuna dalali atakwambia: SGR imezungushiwa uzio. Reli ya zamani ulikuwa unaikatisha popote, ng'ombe, baiskeli, mama na kuni kichwani. Hii mpya unavukia kwenye vivuko tu, juu au chini. Ukinunua nyumba upande huu na shamba upande ule, nenda kapime kwa miguu umbali wa kivuko. Sio kwa macho. Kwa miguu, tena mchana wa jua.

Maji

Mvua huku ni msimu mmoja, kama Desemba mpaka Aprili, miezi mingine ni vumbi. Kwaiyo mtu anayekuja Agosti kuangalia kiwanja anaona tambarare nzuri, mchanga msafi, miti miwili mitatu, anapenda.

Nilikuwa mimi huyo. Kwenye mmoja wa hii miji mitatu (sitaji upi, aliyeniuzia bado tunasalimiana) nilinunua kiwanja karibu na stesheni mpya, nikaona kuna kama kabonde kidogo katikati, dalali akasema hapo utaweka bustani. Nikaweka msingi. Masika ya kwanza napigiwa simu na kijana wa jirani, "kaka njoo uone", nimefika nakuta msingi wangu upande mmoja uko hewani kabisa, chini kumechimbwa na korongo, nondo zimening'inia na fundo la majani makavu limenasa kwenye nondo kwenye kimo cha kifua changu. Kimo cha kifua. Mzee mmoja akaja akasimama pembeni yangu, akatazama wee, akasema haya maji huwa yanapita hapa, hukuuliza?

Sikuuliza. Sasa nakuulizia wewe.

Bahi iko chini bondeni, maji yote ya kuzunguka yanaelekea kule, ndo maana mpunga unakubali. Kwaiyo mafuriko ni sehemu ya maisha, na mbu pia, na visima vingine maji yana chumvi ya kuchachua chai. Uliza wenyeji maji ya El Nino ya 97/98 yalifikia wapi, watakuonyesha mpaka mti. Gulwe nayo iko kwenye njia ya mito ya mchanga, mwaka mzima mikavu alafu siku moja inashuka na magogo. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na njia ikafungwa kwa miezi, tena sio mara ya kwanza wala ya mwisho kwa kile kipande. Ukitaka Gulwe nenda kakae sehemu ya mwinuko, basi. Manyoni iko juu, zaidi ya mita 1,200, maji hayakufuati ndani, ila ya kunywa ndo unayafuata wewe. Kiangazi ni kupanga ndoo. Na ukichimba kisima chako mkoa wa Singida kapime floraidi, angalia meno ya watoto wa mtaa kama yana kahawia utapata jibu hata kabla ya maabara.

Kiwanja na karatasi

Hapa sitakaa sana maana kanuni ni moja miji yote. Ulizia kama eneo limepimwa. Kama ni ardhi ya kijiji, mwenye kauli ni serikali ya kijiji kwa mkutano na muhtasari, sio mwenyekiti wa kitongoji peke yake chini ya mwembe na muhuri mfukoni. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na 30 vijijini, barabara kuu ni mita 30 toka katikati, na wengi wenu mmeshawahi kuona X nyekundu kwenye nyumba ya mtu, haipendezi.

Tofauti iko kwenye presha. Bahi presha ni kubwa kwa sababu ya ukaribu na jiji, watu wa Dodoma wananunua na kuacha pori, unakuta mtaa mzima wenye nyumba nne na uzio kumi na tano. Manyoni viwanja vilivyopimwa vinapatikana na halmashauri ina uzoefu, ila vizuri vya karibu na barabara vina wenyewe zamani. Gulwe bado ni bei ya mashambani, na ndio maana migogoro yake ni ya kifamilia zaidi, baba kauza, watoto watatu hawajui. Muulize na mama wa nyumba kabla hujalipa, akinyamaza ondoka.

Shule na hospitali

Manyoni ina hospitali ya wilaya, Kilimatinde iko karibu, na ikiwa kubwa zaidi kuna Mtakatifu Gaspari pale Itigi ambayo watu wanatoka mbali kuifuata. Bahi kwa jambo zito unakimbilia Dodoma, General au Benjamin Mkapa, na ni karibu kwaiyo sio kasoro kubwa. Gulwe unaenda Mpwapwa kwanza.

Kwa shule Gulwe inabebwa na Mpwapwa, mji wa zamani wa elimu, wamisionari walifika tangu 1876, kuna chuo cha ualimu, kuna chuo na utafiti wa mifugo (wale ng'ombe wanaoitwa Mpwapwa wametokea hapo). Mtoto wa sekondari hutamwonea huruma. Bahi na Manyoni zina shule, za kawaida, darasa limejaa.

Maisha yenyewe

Bahi joto! Mchana mji mzima unajificha, jioni unafufuka, watu wakarimu, ukisema "mbukwenyi" kwa wazee umeshapata nusu ya mji. Kigogo kidogo kinakusaidia kuliko pesa nyingi. Ni mahali pa kulala mapema.

Manyoni ni baridi ya asubuhi, honi za malori usiku kucha, Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi, Wasukuma na ng'ombe wao, hakuna anayekuuliza umetokea wapi kwasababu nusu ya mji waliletwa na reli. Udogoni tulikuwa tunajua saa kwa treni. Ikichelewa, na ilikuwa inachelewa hata siku nzima, mama zetu walikuwa wanafunika kuku wa kuchemsha na vitenge wakakaa palepale kwenye kokoto wakisukana, usiku, taa ya chemli moja. Ikifika kila mtu anakimbilia dirisha. Treni mpya madirisha hayafunguki. Sijui nani ameshafikiria hilo, ila kwenye miji hii kuna akina mama wengi waliosomesha watoto kwa dirisha la treni, na kama unafikiria biashara ya chakula stesheni ujue ile njia ya kizamani imefungwa, itabidi uwe na fremu ndani au nje ya geti.

Gulwe ni kimya. Kimya kabisa. Saa mbili usiku unasikia mbuzi anatafuna, alafu mwendokasi unapita kama upepo, taa zote zinawaka, watu ndani wanachezea simu, na baada ya nusu dakika kimya tena. Kuna watu hicho ndo wanachotafuta maisha yao yote na kuna watu wiki ya pili wanalia.

Sasa we ni yupi?

Una kazi Dodoma mjini na unataka kupunguza kodi: Bahi, lakini panga kwanza masika moja nzima, usijenge. Kama huwezi kuamka saa kumi usiku achana nayo, kapange Nala au Ihumwa.

Una mtaji wa biashara na unahitaji hela izunguke kila siku: Manyoni. Fungua kitu ambacho dereva wa lori anakihitaji na hakipo.

Umestaafu, pensheni inaingia, unataka shamba, mbuzi na watoto wako Dar waje kukuona kwa treni: Gulwe, kwenye mwinuko, na uwe na namba ya bodaboda wawili sio mmoja.

Una mgonjwa wa mara kwa mara nyumbani: Bahi kwa ajili ya mabingwa wa Dodoma, au Itigi yenyewe kama hospitali ile inamtosha. Itigi ni ndogo kuliko Manyoni, pori na asali, sijaiweka kwenye tatu kwa sababu ni mbali, ila kwa hili iko vizuri.

Una watoto wa sekondari na mshahara wa serikali unaoweza kuhamishika: angalia Mpwapwa mjini, Gulwe uwe na shamba tu.

Unataka kununua uache, usubiri bei ipande: kapite Kongwa kwanza, uliza wazee walikopita reli ya karanga, wakuonyeshe.

Na yoyote utakayochagua, safiri mwezi wa pili au wa tatu, sio Agosti. Vaa buti. Kiwanja kikikupendeza tafuta mzee wa jirani asiyehusika na mauzo, msalimie vizuri, alafu muulize maji huwa yanapita wapi.